Kopo la Mwisho la Nyar Kisii

Nimeuza rangi katika mji wa Migori tangu mwaka wa 1988, na kama kuna jambo moja nililojifunza ni kwamba watu hawajui wanataka rangi gani. Mtu anaingia dukani anasema nipe nyeupe. Ukimpa, anasema siyo hii, nataka nyeupe ile ya kanisani kwetu. Sasa mimi kanisa lenu nitalijuaje? Wateja wa namna hiyo hunipandisha mori, na mwenye duka amenionya zaidi ya mara moja kuhusu ulimi wangu. Lakini Joash Maranga hakuwahi kunisumbua. Alikuja na mkewe, mkewe akataja makopo anayotaka, yeye akayafunga kwenye keria ya baiskeli, wakaenda zao Uriri. Kwa miaka minane niliamini huyo ndiye mwanamume mwenye adabu kuliko wote, anayemwacha mke wake aseme. Kumbe sikujua lolote.

Joash alikuwa fundi wa mabango. Bucha, zahanati, shule, mashine za kusaga unga: karibu kila herufi iliyosimama kando ya barabara kutoka Migori hadi Awendo ilitoka mkononi mwake. Hakutumia rula. Alipiga uzi wa chaki mara mbili, juu na chini, kisha akashusha brashi, na herufi ikatoka imekamilika, tumbo la B limejaa na mguu wa R umekaa vizuri. Mwenye bango akimwachia achague rangi mwenyewe, basi ni samawati na manjano, samawati na manjano, mwaka hadi mwaka. Baiskeli yake ilikuwa ya samawati. Mlango wa nyumba yake ulikuwa wa samawati. Nilimtania, "Fundi, wewe ulizaliwa ndani ya ziwa?" Akacheka akitazama chini.

Mkewe aliitwa Edinah, lakini sisi sote tulimwita Nyar Kisii, yaani binti wa Kisii, kwa sababu huko ndiko alikotoka na ndivyo mumewe alivyomwita. Hawakujaliwa mtoto. Kabla ya kuolewa alikuwa akisuka vikapu vya katani na kuvipeleka sokoni, na katani hiyo aliichovya rangi mwenyewe nyumbani kwao. Kwa hiyo niliona ni jambo la kawaida kwamba katika kazi yao mume ana herufi na mke ana rangi. Kuna nyumba ambapo mmoja analima na mwingine anauza, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Mwaka wa 1993 chuo kikuu kimoja chenye makao mbali na huku kilifungua vituo kwa ajili ya walimu wa shule za msingi waliotaka kusoma digrii wakati wa likizo. Vituo vilikuwa vitano: Migori mjini, Uriri, Muhuru Bay, Homa Bay, na kimoja kidogo kisiwani Takawiri, ambacho kilikuwa darasa moja tu la kuazima. Afisa wa chuo aliyeshughulikia mambo hayo aliitwa Bwana Nicodemus, mtu wa suti nzito na jasho jingi. Alikuja dukani kwetu kuuliza fundi wa mabango ni nani, nami nikamwonyesha Joash, aliyekuwa pale pale akimngojea mkewe amalize kuchagua brashi.

Bwana Nicodemus akatoa kadi mfukoni. Ilikuwa na rangi tatu za chuo. Ile kubwa, ya kujaza bango lote, wenyewe waliiandika maruni, lakini sisi tuliosomeshwa Kiswahili kwa kiboko tunaiita damu ya mzee. Chini yake ukanda wa kijani kibichi. Herufi ziwe za krimu.

"Na zifanane kila mahali," akasema. "Mwalimu akitoka Muhuru Bay akaja Homa Bay, akiona tu bango kwa mbali, kabla hajasoma neno, ajue hapa ni kwao."

Joash akaipokea kadi, akaigeuza mbele na nyuma, akampa mkewe.

Damu ya mzee haiuzwi kwenye kopo, angalau sisi hatukuiuza. Edinah alinunua nyekundu nyingi, nyeusi kidogo na manjano kidogo, na kitu cha nne alichokataa kuniambia. Alichanganyia pale nyuma ya duka letu, kwenye pipa moja kubwa, ili rangi yote itoke katika mchanganyiko mmoja. Alipaka kidogo kwenye kipande cha bati, akakiweka juani mpaka kikauke kabisa, akakileta kivulini, ndipo akakilinganisha na kadi. Nilimwambia, "Edinah, mbona inafanana tayari, si uende nyumbani?" Akasema, "Hii ni mbichi, Mama Robi. Mbichi inadanganya. Ngoja ikauke ndio uiulize." Siku hiyo alichanganya mara nne. Mara ya nne aliweka kadi juu ya bati, na mimi ninayekaa na rangi kutwa sikuona kadi inaishia wapi.

Kisha akaigawa katika makopo, na kila kifuniko akakitia alama kwa msumari: tundu moja damu ya mzee, matundu mawili kijani. Nikadhani ni unadhifu wa mwanamke.

Mabango yale niliyaona yote isipokuwa la Takawiri, ambalo Joash alilipeleka kwa boti amelikumbatia kama mgonjwa. Yalifanana kwelikweli. Bwana Nicodemus alituambia kwamba katika wilaya nyingine kila kituo kilikuwa na maruni yake, hapa kama maini, pale kama zambarau. "Ya kwenu ndiyo yenyewe," akasema. Wiki nzima nilimwona Edinah akitembea amenyoosha shingo.

Edinah alikufa Machi 1996. Alishikwa na homa Jumapili, Jumapili iliyofuata hakuwapo. Tulimzika Uriri kando ya nyumba yenye mlango wa samawati. Joash hakulia. Alisimama mbali kidogo na kaburi, mikono nyuma, na watu walipomaliza kuimba bado alikuwa amesimama vile vile.

Mimi ni Mkuria, na sisi tuna mambo yetu ambayo sitayaeleza hapa. Lakini kwa Wajaluo wa rika la Joash, mwanamume aliyefiwa na mke haingii katika nyumba za watu mpaka amwote marehemu, na amwote kama mke wake hasa. Akishaota, anasema, na mambo yanakwisha. Wengi huota haraka sana, nasema bila haya, hasa kama jirani kuna mjane anayepika vizuri. Joash hakuota. Na kila alipoulizwa, alisema ukweli.

"Umeota, Fundi?"

"Bado."

Alikuwa Msabato, na mchungaji alimwambia mambo hayo ayaache. Aliitikia, halafu akaendelea kukaa benchi la mwisho karibu na mlango. Kwangu alikaa nje ya duka, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilimwambia mara ngapi kwamba duka si nyumba! "Duka yako iko na mlango, Mama Robi," akanijibu. Basi nilimpelekea chai nje. Aliinywa akitazama barabara, akarudisha kikombe kizingitini, akapanda baiskeli. Sijapata kuona mtu mwenye upweke wa namna ile. Hakulalamika, na pengine kama angelalamika ningejua la kusema.

Mwaka mmoja baada ya mazishi alikuja kununua nyekundu na kijani kwa ajili ya bango la zahanati. Panya walikuwa wamekula karatasi za makopo yetu, kwa hiyo niliyafungua mawili nikamwekea kizingitini. Joash akachukua kopo la kijani, akachovya kijiti, akakiinua kwenye mwanga.

"Hii nyekundu ni nzuri," akasema.

Nilifungua mdomo nicheke, maana nilijua ananitania. Kisha nikauona uso wake. Hakuwa akinitania. Alikuwa akikitazama kile kijiti kwa makini, kama mtu anayetafuta sindano, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Hapo mambo ya miaka minane yakajipanga mbele yangu: mke anayetaja makopo, kadi iliyogeuzwa mbele na nyuma, samawati na manjano kila mahali, matundu ya msumari. Joash Maranga, fundi wa mabango, hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani. Na damu ya mzee na kijani kibichi, zile rangi mbili za chuo, kwake zilikuwa matope na matope.

Mimi ninayejulikana mji mzima kwa mdomo, nilinyamaza. Nilisema kopo hilo limeingia vumbi, nikalichukua, nikamletea jingine. Na kabla ya kumpa niliokota msumari, nikatoboa kifuniko cha nyekundu tundu moja na cha kijani mawili. Akapitisha kidole gumba juu ya matundu yale, taratibu. "Ero kamano," akasema, yaani asante, akaondoka. Tangu siku hiyo kila kopo alilonunua lilitoka dukani na alama, na hatukuzungumzia jambo hilo hata mara moja. Niliamini huo ndio wema.

Mabango ya chuo aliendelea kuyatunza. Kila likizo inapokaribia alizunguka yote matano, akaziba mikwaruzo kwa makopo aliyoyaacha Edinah. Alikuwa akinunua tapentaini kidogo kidogo, na mimi nikajua anairefusha ile rangi isiishe. Kufikia mwaka wa 1998 damu ya mzee ilikuwa imebaki kopo moja ambalo halijafunguliwa. Aliniambia mwenyewe siku moja akiwa ameshika kikombe cha chai. Alisema, "Bado kopo moja," akarudisha kikombe kizingitini.

Julai hiyo Bwana Nicodemus akarudi na suti yake. Wakubwa wa chuo wangekuja Homa Bay tarehe ishirini Agosti kufungua madarasa mapya, na ukuta wote wa mbele, hatua arobaini kutoka kona hadi kona, upakwe rangi za chuo na uandikwe jina. Kazi ni ya Joash. Nikauliza kama ameleta kadi mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imefifia ikawa kama kucha.

"Kadi ya nini?" akacheka. "Rangi ya huyu fundi ndiyo tunayopimia wengine siku hizi. Ila isipofanana, mama, kuna fundi wa Kisumu anayeitaka sana kazi hii. Na huyo atakwangua mabango yote aanze upya na rangi yake."

Maneno hayo Joash aliyasikia akiwa juu ya ndoo yake. Kesho yake alikuja kununua nyekundu makopo kumi, nyeusi, manjano. Dukani kulikuwa na wateja wawili. Na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu wema wangu wa kunyamaza ulikuwa umenichosha na sikuchagua mahali pa kuumalizia.

"Fundi, nani atakuchanganyia?"

Akakakamaa. "Kwani miaka yote hii nimekuwa nikifanya nini?"

"Ulikuwa ukiandika herufi. Rangi ilikuwa ya Edinah."

"Mama Robi, wewe uza rangi."

"Nitauza, lakini nipe nafasi nikusaidie. Wewe huoni—"

Wale wateja walikuwa wamegeuka. Joash hakuningoja nimalize. Alifunga makopo kwenye keria, akakaza kamba mara mbili zaidi ya inavyohitajika, akaondoka bila kuaga na bila kungoja nitoboe vifuniko. "Aende!" nikasema kwa sauti. Ndivyo nilivyo. Nikaja kulia nyuma ya magunia ya saruji, na mwenye duka akadhani vumbi limeniingia.

Wiki tatu sikumwona. Jumatatu ya tarehe kumi na saba lori letu lilikuwa likipeleka saruji Homa Bay, nikajipakia mbele karibu na dereva, nikatoa sababu ambayo hata siikumbuki.

Ukuta niliuona kutoka mbali. Herufi za jina la chuo zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, za krimu, ndefu kunizidi, zimesimama sawa kama askari. Na nyuma ya herufi hizo ukuta ulikuwa na madoa kama ng'ombe. Kila ndoo aliyochanganya ilikuwa na rangi yake. Hapa hudhurungi, hapa nyekundu ya pilipili, hapa karibu nyeusi, na katikati, upana wa mlango, kijani kitupu kilichopotea njia kutoka kwenye ukanda wake. Wanawake wawili wenye beseni za omena, dagaa wa ziwani, walikuwa wamesimama wakicheka. Joash alikuwa amesimama nyuma yao, brashi mkononi, akitazama walichokuwa wakitazama.

Aliponiona hakushangaa. Aliwaacha wale wanawake waende kwanza.

"Mama Robi," akasema kwa sauti ndogo. "Niambie tu. Inafanana?"

Ningeweza kumdanganya. Ulimi wangu ulikuwa umemuumiza mara moja na ulikuwa tayari kumponya kwa uongo. Lakini siku tatu baadaye wakubwa wangefika, na fundi wa Kisumu alikuwa akingoja na kikwanguo chake.

"Haifanani, Fundi. Hata kidogo."

Akakaa chini palepale kwenye vumbi, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu.

"Nilijua," akasema. "Watu walipita wakacheka, nikajua. Mimi naona moja tu, yote iko sawa. Siku ya kwanza nilikutana na Nyar Kisii soko ya Kisii, nikamwambia hii kikapu yako nyekundu ni mzuri. Ilikuwa kijani. Hakunicheka. Hakuniuliza kitu. Tukaoana, akachukua msumari." Akachora vumbi kwa mpini wa brashi. "Wakikwangua hizi mabango, Mama Robi, hakuna mahali atakuwa. Mtoto hatukupata. Ni hizi tu."

Nikamuuliza kopo la mwisho liko wapi. Bango la zamani la Homa Bay lilikuwa limechujuka kwa jua la miaka mitano, halikufaa kupimia kitu. Nilihitaji rangi yenyewe, kama ilivyotoka kwenye pipa. Akainuka, akajipangusa vumbi. Kisha akaenda kwenye darasa alimokuwa akilala, akalileta limefungwa ndani ya leso ya Edinah.

Nilitaka kulifungua mimi, akakataa. Alizungusha bisibisi ukingoni polepole, kifuniko kikalia, kikatoka. Juu kulikuwa na utando mzito kama chapati. Akaupasua kwa kijiti, na chini yake rangi ilikuwa hai, imetulia, ileile.

"Ikoje?" akauliza.

"Ni ileile, Fundi."

"Najua ni ileile. Ikoje?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nauza rangi, sielezi rangi. Nilifikiri, nikaona haya, nikamwambia la kwanza lililonijia: "Ni kama maharagwe mekundu yakiwa yameiva kabisa, kabla hujatia kitunguu."

"Maharagwe," akasema, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kitu mkononi.

Siku mbili nilichanganya. Nilinunua nyekundu nyingine hapo mjini, nikatafuta pipa moja kubwa na kipande cha bati, nikafanya kama Edinah: nipake, nikaushe juani, nilete kivulini, ndipo niulize. Ilikataa. Ilikuwa karibu, lakini ilikataa, ilikuwa na joto mno. Siku ya pili mchana nikakumbuka kile kitu cha nne nilichonyimwa, nikamuuliza Joash kama aliwahi kumwona mkewe akitia kitu kingine.

"Alikuwa akichota kwa kopo yangu ya samawati. Kijiko moja," akasema. "Nilifikiri anasafisha kijiko."

Nikatia kijiko kimoja cha samawati kwa kila kopo la nyekundu. Ilipokauka, nikaiweka kando ya rangi ya Edinah, nikashindwa kuona mpaka. Nilikaa chini nikacheka peke yangu, na Joash akacheka kwa sababu nimecheka. Tulipaka ukuta ule mpaka jua likashuka, mimi kwenye sehemu za chini, yeye juu ya ngazi akizunguka herufi zake bila kuzigusa.

Rangi ya Edinah iliyobaki katika kopo aliipaka mwenyewe, karibu na lango, sehemu ya ukubwa wa mlango mmoja. Hakuichuja. Vipande vya ule utando vilivunjika vikaingia ndani ya rangi, na nilipomwambia ukuta utakuwa na chembechembe akajifanya hasikii. Asubuhi yake, yote ilipokauka, akaniuliza, "Yake inaishia wapi?"

Nilitazama kwa makini. "Haionekani, Fundi. Ni rangi moja toka kona hadi kona."

Nilidhani nimempa habari njema. Akaenda ukutani, akapitisha kiganja, akapitisha, mpaka mkono ukasimama.

"Hapa," akasema.

Wakubwa walikuja, wakasifu. Bwana Nicodemus alisimama mbele ya ukuta akasema kwa kipaza sauti kwamba hii ndiyo sura ya chuo, isiyobadilika. Joash aliyasikiliza hayo akiwa nje ya hema, karibu na lango.

Isiyobadilika! Mwezi wa tatu mwaka wa 1999, chuo kikapata wakubwa wapya, na wakubwa wapya wakataka rangi mpya. Bwana Nicodemus aliileta kadi mwenyewe, na nakiri aliona aibu kidogo. Mabango yote matano na ukuta wa Homa Bay vipakwe upya, pasibaki hata doa la zamani, maana chuo hakiwezi kuwa na sura mbili. Joash akaipokea kadi akiwa juu ya ndoo. Safari hii hakuigeuza mbele na nyuma.

Rangi za chuo sasa zilikuwa samawati na manjano.

"Hii inataka nyeupe kidogo," akasema papo hapo. "Na manjano ni ile ya kopo, usiiguse."

Alichanganya pale nyuma ya duka, mahali palepale pa Edinah, peke yake, mara moja. Alikausha bati, akaweka kadi juu. Ilikuwa sawasawa. Mimi, kwa mazoea, nilikuwa nimeshika msumari nikikiendea kifuniko cha kwanza. Akanishika mkono.

"Wacha, Mama Robi. Hizi naziona."

Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba. Kisha akanunua karatasi kumi na mbili za msasa, kwa sababu rangi ya zamani lazima ipigwe msasa mpaka iwe laini kabla ya kupakwa mpya juu yake, na hilo hata mwanafunzi wa wiki moja analijua. Katika wiki tatu alimaliza vituo vyote vitano. Nilipita mbele ya bango la Migori siku aliyolifunika, nikageuza uso upande wa pili.

Baada ya hapo hakunihitaji. Alikuja, akataja makopo mwenyewe, akayachukua kizingitini, akaenda. Kazi zake zikawa samawati na manjano tu, nyingine alizikataa. Chai aliinywa mara chache. Nilikuwa nimezoea kuwa na siri na mtu, na siri yenyewe ilipokwisha kazi nikabaki na msumari. Nilimkosa, nasema wazi, na yeye alikuwa hatua nne kutoka meza yangu. Nikimuuliza kama ameota, alijibu kama zamani, "Bado."

Desemba hiyo nilienda tena Homa Bay na lori. Nilipomaliza shughuli nikatembea hadi kwenye kile kituo. Likizo ilikuwa imeanza na walimu walikuwa darasani, nje hapakuwa na mtu. Ukuta ulikuwa wa samawati toka kona hadi kona, safi, rangi moja, hakuna doa, hakuna kosa la kumlaumu. Kama hukujua, usingejua kulikuwa na kitu kingine hapo.

Nikaweka kiganja changu ukutani nikaanza kutembea. Laini. Laini kama sahani, mwendo wote wa herufi zile ndefu. Alikuwa ameupiga msasa vizuri, kazi ya mtu anayejua kazi. Nilipokaribia lango mkono wangu ukakutana na chembechembe.

Nikasimama. Nikapapasa juu, nikapapasa chini, nikapapasa kando. Ukubwa wa mlango mmoja. Ukuta wote ulikuwa umepigwa msasa, isipokuwa hapo.

Mlinzi akatoka kibandani, mzee wa makamo mwenye koti refu. "Mama, unatafuta nini kwa hiyo ukuta?"

Nikamwambia naangalia kama rangi imekauka.